Tumbawe limenifia siku ya sita. Nianze na lipi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi naishi Chumbageni, hapa Tanga mjini. Nina tangi la kioo la lita 120 la maji ya chumvi. Leo lina wiki tatu tangu nilijaze, na samaki wadogo wawili waliomo wanaendelea vizuri. Mvuvi mmoja aliniletea tumbawe kwenye ndoo, zuri mno, lenye matawi kama pembe na ncha za zambarau. Siku ya pili likaanza kupauka, siku ya sita likanuka hadi sebuleni hapakaliki. Binamu zangu wanasema bamvua lijalo twende mwambani tukachukue mengine. Maji nayachota ufukweni Raskazone, na tangi nimeliweka dirishani lipate jua. Je, nianze na matumbawe yapi, na niyatunzeje yasife?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Harufu hiyo naijua. Najua pia uchungu wa kumwaga kitu ambacho juzi tu kilikuwa hai na kilipendeza.

Nianze na hilo bamvua, maana liko karibu. Msiende. Miamba ya mbele ya jiji letu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 kuanzia mdomo wa Mto Pangani hadi kaskazini ya jiji la Tanga. Kung'oa tumbawe humo ni kosa. Hata pasingekuwa na sheria ningekuomba usiende. Tumbawe lile la mviringo, linalofanana na jiwe kubwa la kukalia, hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Ukiliona lina kimo cha meta moja, ujue lilianza kukua kabla bibi yako hajazaliwa. Miamba hii imepigwa baruti miaka mingi, na mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya ukanda wetu wote wa Bahari ya Hindi yalipauka na mengi yakafa. Yaliyobaki na yaliyochipuka baadaye ndiyo mbegu yetu.

Ipo na sababu ya kifugaji. Tumbawe lililong'olewa mwambani huja na jeraha, na huja na wageni: minyoo bapa, konokono wanaolitafuna, mayai usiyoyaona. Kubwa zaidi, limekulia kwenye maji ambayo tangi lako haliwezi kuyaiga. Anayeanza atafute kipande kilichokatwa kwenye tumbawe lililokwisha kukuzwa tangini, kilichozoea kioo, taa na pampu. Kipande cha namna hiyo, cha ukubwa wa kidole gumba, kina nafasi kubwa ya kuishi kuliko tumbawe la bure lenye ukubwa wa sinia. Ukinunua kwa muuzaji anayeagiza nje, mwombe akuonyeshe karatasi. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hayavuki mpaka bila kibali. Asiye na karatasi mwache na mzigo wake.

Sasa marehemu wako. Matawi kama pembe, ncha za zambarau: kwa maelezo hayo naona lilikuwa Acropora. Katika matumbawe yote, hilo ndilo la mwisho kwa anayeanza. Linataka mwanga mkali na mkondo wenye nguvu, tena linataka maji yale yale leo, kesho na mtondo. Wewe ulilipokea likiwa limeng'olewa, limekaa kwenye ndoo, ukalitia kwenye tangi lisilotimiza hata wiki tatu, lililoko dirishani. Halikufa kwa uzembe wako. Halikuwa na njia ya kupona.

Jambo ninalotaka ulishike katika maelezo yangu yote ni hili: tumbawe huvumilia upungufu kuliko linavyovumilia mabadiliko. Ndani ya ngozi yake unaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga, na tumbawe hupata humo sehemu kubwa ya riziki yake. Maji yakibadilika ghafla, joto likipanda, chumvi ikiyumba, au mwanga ukizidi, ule ushirika huvunjika na tumbawe humtoa mpangaji wake. Weupe ulioona siku ya pili ndio huo. Tumbawe lililopauka bado liko hai, lakini lina njaa, na lisipopata utulivu haraka hufa.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua tumbawe, tuitazame nyumba yako.

Tangi la wiki tatu ni changa. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaokaa kwenye mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Samaki wako kuwa wazima si ushahidi kwamba maji yamekomaa, maana wapo samaki wenye roho ngumu. Ushahidi ni kipimo: amonia sifuri, nitriti sifuri, na nitrati imeanza kuonekana. Njiani utaona mawe yanapakwa utando wa kahawia, baadaye wa kijani. Usiogope wala usitie dawa, hiyo ni hatua ya tangi linalokua. Mimi ningengoja tangi liingie mwezi wake wa tatu ndipo nitie tumbawe la kwanza. Najua ni muda mrefu kwa mtu mwenye hamu, lakini sijapata kumwona aliyejutia kungoja.

Tangi litoe dirishani leo. Jua la dirishani hukuza mwani kuliko matumbawe, na hupasha maji moto mchana halafu kuyaachia usiku. Tumbawe linataka taa unayoitawala wewe, inayowaka kwa muda wa saa nane hadi kumi kila siku kwa swichi ya saa. Taa nyeupe tupu, ile inayouzwa kwa samaki wa maji baridi, haitoshi. Tafuta taa ya LED yenye buluu ya kutosha, kwa sababu mwanga wa buluu ndio unaofika chini baharini na ndio mwani wa ndani ya tumbawe unaoutumia vizuri. Ikiwa taa ina uwezo wa kupunguzwa, anza na nguvu ndogo kisha panda polepole kwa wiki tatu au nne. Matumbawe mengi ya wanaoanza huungua kwa mwanga mwingi, si kwa giza.

Joto ndilo adui mkubwa wa mfugaji wa Tanga. Maandishi mengi ya fani hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanakuhimiza ununue hita. Wewe unahitaji feni. Matumbawe tunayoyazungumzia hustarehe kwenye nyuzi 24 hadi 27. Sebule ya Tanga wakati wa kaskazi, mwezi wa pili saa nane mchana, hupita 31, na tangi hufuata chumba. Weka feni ndogo ivume juu ya uso wa maji, si kwenye kioo. Maji yanapovukizwa hupoa, na feni nzuri hushusha nyuzi mbili hadi tatu. Ondoa kifuniko cha kioo, uweke wavu wa plastiki wa dirishani ili samaki wasiruke nje. Usitumie kipande cha chandarua chenye dawa. Dawa ile ni hatari sana kwa kamba, kaa na wadudu wote wa majini. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa ya mbu ya kupuliza isiingie chumba chenye tangi, kwani pampu ya hewa huivuta na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Na kabla ya kutia mkono tangini, nawa mafuta ya nazi na losheni, usuuze sabuni yote iishe.

Feni hupoza, lakini hunywa maji. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Maji yanapovukizwa, chumvi haiondoki. Tangi lako la lita 120 likiwa na chumvi gramu 35 kwa lita, ambayo ndiyo ya bahari, likapoteza lita sita, chumvi imekwisha kupanda karibu 37. Likipoteza lita 12 imekaribia 39. Wewe ukiona maji yamepungua, ukaongeza maji ya bahari, umeongeza chumvi juu ya chumvi. Maji ya kujazia yaliyovukizwa lazima yawe matamu na safi. Chora mstari kwa maka peni kwenye kioo, mahali uso wa maji unapotakiwa kuwa, na kila asubuhi jaza taratibu hadi mstari. Nilipoteza matumbawe ya miaka minne kwa jambo hili. Nilisafiri kwenda Korogwe msibani siku tisa katikati ya kaskazi, nikamwachia mtu samaki awalishe, nikasahau kumwambia habari ya maji. Aliwalisha kwa uaminifu. Niliporudi maji yalikuwa yameshuka upana wa mkono, na mawe ya juu yamebaki makavu na matumbawe yake.

Maji matamu yepi? Ya bomba yana klorini, na yana madini yanayolisha mwani. Ya mvua ni safi yakiwa angani, lakini yakishapita kwenye bati huja na zinki na vinyesi vya ndege. Yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi yamepita kwenye shaba, na shaba huua matumbawe kwa kiasi kidogo mno. Chukua maji yaliyochujwa kwa mtambo wa RO, unaoyasukuma kwenye utando unaozuia madini, kwenye vituo vya kuuza maji ya kunywa. Nenda na kipima TDS, yaani kipima madini yaliyoyeyuka majini, kile kidogo kama kalamu. Kikisoma chini ya 10, chukua. Kikisoma 80 au 100, huenda kituo hicho hurudishia madini ili maji yapate ladha, tafuta kingine. Na kwa sababu hiyo ya shaba, samaki wako wakiugua usitie dawa ya samaki kwenye tangi la matumbawe hata siku moja. Watoe uwatibu kwenye ndoo nyingine.

Maji ya Raskazone sasa. Siyakatai maji ya bahari, mimi mwenyewe nayatumia, na ni neema kwetu watu wa pwani. Tatizo ni mahali unapochota. Ghuba ya Tanga inapokea Mto Sigi na Mkulumuzi, ina bandari, na mifereji ya mji inaishia humo. Baada ya mvua kubwa utaliona tope kwa macho, lakini chumvi iliyopungua hutaiona. Omba lifti kwa mvuvi, uchote nje ya ghuba, maji yakiwa yamejaa, siku ambayo hapajanyesha kwa wiki moja au zaidi. Hifadhi kwenye pipa la plastiki lililofunikwa lisipate mwanga, na pampu ya hewa ndani yake, wiki moja au mbili. Vijidudu vilivyomo hufa na kutulia chini. Tumia maji ya juu tu, yaliyo maangavu, na upime chumvi kabla. Wakati wa masika mimi huacha kabisa kuchota, nakoroga chumvi ya akwariamu kwenye maji ya RO. Chumvi ya mezani au ya mashamba ya chumvi haifai kwa kazi hii, haina kalisi na magnesi za kutosha.

Kipimo cha chumvi nunua rifraktomita, ile unayoitia tone la maji kisha ukachungulia kwa jicho. Kile cha plastiki chenye mshale hudanganya kikipata viputo. Soma 1.025 au 1.026, ambao ni uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu na ni karibu sawa na zile gramu 35 kwa lita, na ukae hapo hapo. Kila wiki badilisha lita 12, yaani sehemu moja ya kumi, kwa maji yenye chumvi na joto lile lile. Ukifanya hivyo bila kukosa, kwa matumbawe laini nitakayokutajia hutahitaji chupa hata moja ya virutubisho. Usiifukuze nitrati ifike sifuri. Matumbawe laini yanapenda nitrati ya miligramu tano hadi kumi na tano kwa lita, na maji yaliyosafishwa kupita kiasi huyakondesha.

Umeme ukikatika, kinachoanza kukosekana ni hewa. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na pampu ikisimama samaki huanza kutweta kabla matumbawe hayajaumia. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, inayojiwasha yenyewe umeme ukizimika, ni kitu ambacho ningekuomba ukinunue kabla ya tumbawe la kwanza. Ukiwa na sola nyumbani, unganisha pampu ya mkondo na feni. Taa inaweza kusubiri hata siku mbili.

Tumefika kwenye tumbawe lenyewe. Ukiniambia nichague moja, nakuchagulia Sarcophyton. Liko kama uyoga mnene wa ngozi, shina nene na kofia pana, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Kofia ikiwa imefunga ni laini kama ngozi ya kiatu. Ikifunguka, kila kitundu hutoa kidole chembamba chenye nyota ya mikono minane nchani, na kofia nzima huonekana kama shamba dogo la maua likipigwa na upepo. Halina mifupa ya chokaa kama tumbawe gumu, kwa hiyo halikusumbui kwa kalisi. Linakubali mwanga wa kati, mkondo wa kati, na linasamehe makosa ya wiki.

Lina tabia moja ambayo lazima uijue, maana watu wengi wamelitupa kwa ajili yake. Baada ya wiki kadhaa litafunga. Vidole vyote vitazama ndani, kofia itajikunja, na ngozi itang'aa kama imepakwa nta. Litabaki hivyo siku nne, wiki, hata wiki mbili. Utadhani limekufa. Halijafa, linajivua. Lile gamba la nta linabeba mwani na uchafu ulioota juu yake. Ongeza mkondo kidogo upande wake ili gamba lichukuliwe, usilichokonoe kwa mkono, na ungoje. Asubuhi moja utalikuta limefunguka, kubwa kuliko lilivyokuwa. Utajuaje kama limekufa kweli? Kwa harufu, na kwa sehemu inayogeuka nyeusi na kuyeyuka kama ute. Likiwa gumu na halinuki, liache.

La pili ni Discosoma, lililo kama kitambaa cha mviringo kilichobandikwa jiweni, lenye rangi nyekundu, buluu au kijani yenye madoa. Hilo hupenda kivuli na maji ya polepole, kwa hiyo liweke chini, pembeni, ambako mengine hayawezi kukaa. Kulibandika ni kazi, kwa sababu linateleza na supagluu hailishiki vizuri. Chukua kikombe cha plastiki, weka vijiwe vidogo chini, tia Discosoma juu yake, funika na wavu, kisha uweke mahali palipotulia tangini. Baada ya wiki moja au mbili litakuwa limeshika jiwe lenyewe. Ndipo ulibandike hilo jiwe.

Ukiwa na hayo mawili, na miezi ikapita, ongeza Sinularia, lile lenye vidole vingi laini. Xenia nalo ni zuri kuliangalia, mikono yake hufumba na kufumbua bila kupumzika kama moyo, na watoto wa jirani watakuja kukaa mbele yake. Lakini linatambaa kama majani ya viazi. Lipe jiwe lake peke yake, lililotengwa na mchanga, la sivyo mwakani utakuwa na Xenia tupu. La kwanza katika matumbawe magumu liwe Caulastrea, lenye vichwa vilivyovimba kama peremende juu ya vijiti, na lisije kabla tangi halijafika mwezi wake wa sita au wa nane. Hapo ndipo utaanza kupima ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ukae kwenye 8 hadi 9 kwa kizio chake kiitwacho dKH, na kalisi iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Mara moja kwa wiki, usiku, lishushie kipande cha kamba mbichi chenye ukubwa wa punje ya mchele. Kamba wa soko la Deep Sea anatosha, ukimsuuza kwa maji ya RO.

Yale yenye vishada vya vifungo vya rangi, Zoanthus na nduguye Palythoa, huwa yanatajwa kwanza kwa kila anayeanza, kwa kuwa ni magumu kufa na rangi zake hazina mfano. Mimi nayaweka nyuma, tena kwa onyo. Baadhi yake yana palitoksini, moja ya sumu kali kabisa zinazojulikana kwa viumbe vya baharini. Tangini, yakiachwa yalivyo, hayamdhuru mtu. Hatari ni kuyakata, kuyasugua, na zaidi ya yote kumwagia maji ya moto au kuchemsha jiwe lenye mabaki yake, kwa sababu sumu huingia kwa mvuke. Mwaka 2018 huko Uingereza familia ililazwa hospitali baada ya kusafisha tangi la matumbawe ya namna hiyo. Ukiyachukua, vaa glavu na miwani, usiyashike ukiwa na kidonda mkononi, usiyakate ndani ya nyumba, na mawe yake usiyachemshe kamwe. Nyumba yenye mtoto anayeshika kila kitu, yaache.

Usishawishike na Goniopora, yenye maua marefu ya kupendeza. Mara nyingi hufunguka vizuri miezi michache, kisha hukonda na kufa polepole. Galaxea pia iache, kwani usiku hutoa minyiri mirefu yenye kuchoma na kuua jirani yake.

Siku kipande kinapofika, zima taa ya tangi. Acha mfuko uelee juu ya maji dakika ishirini ili joto lilingane, kisha tia maji ya tangi humo kidogo kidogo kwa nusu saa. Maji ya mfuko yasiingie tangini. Chovya kipande kwenye dawa ya matumbawe yenye aidini, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ukikitikisa, na uangalie kinachodondoka chini ya bakuli. Utashangaa. Kisuuze, geuza jiwe lake utazame upande wa chini kama kuna mayai, ndipo ukitie, kwanza chini mchangani. Kipandishe polepole kwa siku kumi. Kukibandika, tia supagluu ya jeli kwenye jiwe, kiasi cha punje ya haragwe, kandamiza hesabu hadi ishirini, achia. Inashika hata chini ya maji.

Acha nafasi ya kiganja kati ya tumbawe na tumbawe. Matumbawe laini hayapigani kwa meno, hupigana kwa kutoa kemikali majini. Humo tangini kemikali hizo hazina pa kwenda kama zinavyokwenda baharini maji yakitoka. Mfuko mdogo wa mkaa wa kuchujia, ule maalumu wa akwariamu na si wa jikoni, ukibadilishwa kila mwezi, hupunguza ugomvi. Mkondo wa jumla uwe kama lita 1,500 hadi 2,000 kwa saa kwa tangi lako, lakini pampu isilipige tumbawe lolote usoni. Ukiona tumbawe limelalia upande mmoja muda wote, mkondo umezidi.

Basi wiki hii fanya matatu: hamisha tangi kutoka dirishani, weka feni, chora mstari. Binamu zako wakienda bamvua, waende na miwani ya kuzamia watazame tu. Mwambie mmoja akuangalizie Sarcophyton likiwa kwao, akueleze limekaa pembe gani ya mwamba na maji yanalipitia vipi. Kisha kwa siku thelathini andika kila siku namba mbili, joto la saa nane mchana na chumvi ya asubuhi, na kila Jumamosi upime amonia na nitrati. Niletee hiyo karatasi. Nikiona joto halijacheza zaidi ya nyuzi mbili na chumvi imesimama palepale, nina Sarcophyton langu kubwa hapa Sahare ambalo limehitaji kukatwa tangu kusi lianze. Kipande cha kwanza ni chako.